Kwani Unauza Nini?

Mzungu akipita Awendo kwa baiskeli, watoto humpungia mkono na wakubwa humwacha aende zake. Inajulikana kwamba yuko likizoni na jua lile amelitaka mwenyewe. Mtu mweusi mwenye kitambi cha wastani akipita palepale juu ya Phoenix, mifuko miwili imefungwa kwenye keria, husimamishwa. Lazima kuna kitu anauza.

Nilivuka Sirari nikitokea Musoma, pasipoti imegongwa muhuri, nia yangu kufika Homa Bay polepole huku nikiangalia mashamba ya watu. Kabla sijaimaliza Isebania, kijana mmoja aliniuliza mkate bei gani. Migori waliulizia dagaa, ambao kule ni omena. Karibu na Awendo, matrekta ya miwa yakinibana ukingoni mwa lami kuelekea kiwanda cha sukari cha Sony, mama mmoja alininyooshea mkono namna wanavyosimamisha matatu.

"Wewe kijana, kwani unauza nini?"

"Shikamoo, mama. Siuzi kitu. Natembea tu."

Shikamoo hakuishughulikia. "Unatembea na umekaa?"

Siwalaumu. Kwetu Afrika Mashariki baiskeli ni kazi. Bodaboda zenyewe zilianza kwa baiskeli miaka ya 1960, zikivusha watu na mizigo Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Pikipiki zikaja kuzinyang'anya abiria, hasa baada ya Kenya kuziondolea kodi zile ndogo mwaka 2008, lakini baiskeli haikustaafu. Ilibakiziwa maziwa, mikate, madumu ya maji na kreti za soda. Sasa mtu mzima anayeikanyaga kutwa nzima bila hata trei moja ya mayai, huyo si ana siri?

Vijana wa pikipiki wa Rongo walinipokea kwa huruma. "Mzee, mkopo walikunyima?" Mmoja alinihakikishia kwamba kutoka pale hadi Homa Bay ni mteremko mtupu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na Rongo iko juu zaidi, kwa hiyo kwa hesabu kijana hakudanganya. Ila hesabu yake ni ya injini. Mteremko ule hupanda kwanza, ukashuka kidogo kukutia moyo, kisha ukapanda tena.

Hapohapo Rongo ndipo nilipopata mzigo. Muuza ndizi mmoja aliniuliza niendako. Nilipomtajia Homa Bay alifurahi kupita kiasi.

"Basi utapita Rodi Kopany. Mpelekee dada yangu huyu kuku."

Sisi Watanzania hatuna njia ya haraka ya kukataa. Tuna ya taratibu tu, na nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye "samahani sana, mama yangu, unajua" wakati kuku, miguu imefungwa kamba, tayari ananing'inia kwenye usukani. Nikawekewa shilingi hamsini mkononi. Za Kenya hizo! Nilizizidisha kwa ishirini, nikaona safari imeanza kuingiza.

Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza tena nafanya nini. Nilikuwa nimeeleweka. Wazee waliniamkia "Misawa!" kutoka vibarazani, waendesha pikipiki wakanipisha, na wachache walioulizia bei ya kuku waliuliza kwa heshima, wanavyoulizana wafanyabiashara.

Ubaya wa kuwa na mzigo ni kwamba pancha nazo huwa mbili: ya tairi na ya mzigo. Mwiba ulipoingia tairi la nyuma nilimkuta fundi chini ya mti, na huku yeye akizamisha tyubu kwenye beseni kutafuta mapovu, kamba ya kuku ililegea. Ghafla kuku yumo ndani ya mahindi. Fundi aliitupa tyubu, wanafunzi waliokuwa wakirudi nyumbani wakatupa mabegi, mzee mmoja akasimama barabarani kuongoza operesheni kwa fimbo. Amri zote zilitolewa kwa Kijaluo, na mimi nilizitii zote, nikikimbilia kila fimbo ilikoelekea, hata pale ambapo nadhani niliambiwa nikae pembeni. Msichana mdogo ndiye aliyemkamata, bila haraka, kwa punje chache za mahindi. Mkia ulikuwa umepungua.

Dada mtu alimpokea Rodi Kopany akamgeuza huku na huku.

"Huyu kuku amechoka."

"Hata mimi, mama."

Hakunisikia. Alikuwa anaipima keria kwa macho. Akaita ndani, akatoka kijana amebeba gunia la viazi vitamu, na kabla sijashika breki lilikuwa limeshafungwa kwa mpira.

"Si unashuka Homa Bay?"

"Mia moja," nikasema.