Jinsi ya Kuikaribisha Radi Sebuleni

Kandokando ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, kwa hiyo mkazi wa Kisii au Bukoba mwenye antena juu ya paa hana haja ya kuitafuta mbali. Kazi yake ni kuipa njia tu.

1. Simamisha mlingoti kwanza, mambo ya ethi, yaani njia ya kuupeleka umeme ardhini, yatafuata kesho. Stesheni zikishika vizuri, mlipe fundi aende zake. Kesho hiyo usiipangie tarehe.

2. Fundi akishikilia msimamo, mpe kipande cha nondo kilichobaki kwenye ujenzi, akichomeke shubiri mbili chini ya upenu, udongo usikoonja mvua. Wanaopigilia fimbo ya shaba ya mita 1.2 au 2.4 hadi penye unyevu wana nguvu za kuchezea.

3. Waya wa ethi uwe mwembamba. Upige kona kali kila dirisha, na unaozidi uuviringe vizuri, upendeze. Mkondo wa radi hufika makumi ya maelfu ya ampea ndani ya mikrosekunde chache. Ukikuta kona na mviringo, mkondo huo huzuiwa, ukaruka kutafuta njia ya mkato. Ukuta upo, na televisheni ipo.

4. Ethi ya antena na ethi ya umeme wa nyumba zisijuane. Radi ikipiga, moja itaizidi nyingine kwa maelfu ya volti, na tofauti hiyo itamalizwa ndani ya redio, kwani ndipo pekee zinapokutana.

5. Kama unarusha matangazo kwa antena ya wima, amini kuwa fimbo moja inatosha. Wahandisi Brown, Lewis na Epstein wa Marekani walizika nyaya hadi 113 kuuzunguka mlingoti, na mwaka 1937 wakachapisha vipimo vyao: nyaya zikiwa chache, nguvu nyingi huishia ardhini. Hasara gani hiyo? Hata minyoo wanahitaji joto.

6. Wingu likitanda, kebo usiiguse. Ngoja ngurumo zipambe moto, ndipo ukaichomoe kwa mikono miwili. Jirani yako huichomoa mapema, mbingu zikiwa bado kimya, na kuiacha nje ya dirisha. Mhurumie: miaka yote hii redio yake ni ileile.