Shangazi Kapu Anajibu: Kuku Anayeyeyuka na Masaibu Mengine ya Ujerumani

Safu hii ni ya tumbo. Wenye shida za ndoa, mirathi na wapangaji wasiolipa kodi wana washauri wao. Mimi nawapokea wanaotafuta chakula cha asili katika nchi ambako kitunguu chenyewe hawajui kinaitwaje. Barua za mwezi huu zote zimetoka Ujerumani, na mbili zina madoa ya mafuta ya kula. Hizo ndizo nilizozisoma kwanza, maana mtu anayeandika huku anapika hana muda wa kutunga uongo.

*Shikamoo Shangazi. Nipo Hannover mwaka wa pili sasa. Kila nikinunua kuku, supu haijachemka vizuri nyama imeshaachana na mifupa. Nikasema labda ni ubahili wangu, nikanunua wa bei kubwa mwenye nembo ya kijani. Yale yale! Wageni wangu wanakula kimya, wakimaliza wanashukuru kwa unyonge. Kuku wa kienyeji nitampata wapi? — Meno Hayana Kazi*

Marahaba mwanangu. Hao unaowanunua ni vifaranga wenye miili ya watu wazima. Kuku wa nyama wa kawaida huku huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, hajapata hata nafasi ya kugombana na mwenzake. Huyo wako wa nembo ya kijani alipewa muda zaidi: kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka afikishe siku 81, au awe wa mbegu inayokua polepole. Ni ustaarabu mkubwa na sisemi neno baya juu yake. Lakini jogoo wa Singida mwenye siku 81 bado anamfuata mama yake. Nembo imekueleza amelelewaje, haikukueleza ana umri gani, na utamu unaoutafuta wewe uko kwenye umri.

Unayemtaka anaitwa Suppenhuhn, yaani kuku wa supu. Huyu ni tetea wa mayai aliyemaliza utumishi wake, ana mwaka na zaidi, amepita baridi na joto, nyama yake imekaza. Utamkuta chini kabisa kwenye friza, kaachwa na vijana wanaotaka vipande vya kifua visivyo na mfupa. Ukipenda asiyegandishwa, nenda soko la wiki, lile la asubuhi linalofanyika uwanjani, mtafute muuza kuku na umwagize mapema. Huyo muuza kuku atakutazama kwa heshima mpya, maana wanaomuulizia Suppenhuhn ni bibi zake na wewe.

Sasa nisikilize. Usimkaange, usimchome, usimtie kwenye oveni ukanilaumu. Mtie kwenye maji ya baridi na tangawizi na kitunguu saumu, moto mdogo, saa mbili, na kama bado anabisha mwongeze nusu saa. Mafuta ya njano yataelea juu kama matone ya dhahabu, usiyaengue. Ndimu ukamulie kwenye bakuli. Wageni wako hawatakula kimya tena, watagombea paja.

*Shangazi, mume wangu ameingia dini mpya, dini ya vyakula vya asili. Kila kilichoandikwa "natürlich" anakibeba: mtindi, chipsi, biskuti, hadi vidonge vya kikohozi. Mshahara unakata roho tarehe 15. Nikisema, naambiwa sijali afya za watoto. Nifanyeje? — Mke wa Nabii, Köln*

Pole mama. Usibishane na nabii kwa sauti, bishana naye kwa pakiti. Mkalishe mezani, mpe miwani.

Mwonyeshe kwanza kwamba maneno "Bio" na "Öko" kwenye chakula yanalindwa na sheria ya Ulaya. Anayeyatumia anakaguliwa, na tangu mwaka 2010 chakula cha kilimo hai kilichofungashwa Ulaya lazima kiwe na alama ya jani lililochorwa kwa nyota, na karibu yake namba inayoanza na DE-ÖKO kama kimekaguliwa Ujerumani. Hapo pia pameandikwa kama malighafi imelimwa ndani ya Ulaya au nje. Hayo ni mambo ya kusomwa. Neno "natürlich" likiwa peke yake, pamoja na picha ya ng'ombe mlimani na mzee mwenye kofia ya majani makavu, halina mkaguzi kama huyo nyuma yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyo mzee wa kofia katembea kweli.

Kisha mfungulie mtindi wake wa stroberi. Pakiti ikisema ina ladha ya asili ya stroberi, sheria inataka angalau asilimia 95 ya ladha hiyo itoke kwenye stroberi yenyewe. Ikisema tu "natürliches Aroma", bila kutaja tunda, ladha inaweza kutoka kwenye mmea mwingine au hata kutengenezwa kwa msaada wa kuvu. Ni ya asili, ndiyo. Lakini asili ya nani? Nunua mtindi mweupe, katia stroberi ndani kwa mkono wako, na mwezi utafika tarehe 30.

Akikuuliza mayai, mwonyeshe mhuri kwenye ganda. Tarakimu ya kwanza ndiyo yote: 0 ni kilimo hai, 1 ni kuku wanaotoka nje, 2 ni waliofungiwa bandani lakini wanatembea, 3 ni wa vizimba. Kwa 0 na kwa 1 kila kuku anatakiwa awe na mita nne za mraba huko nje. Asikudanganye na kiini cha njano iliyokolea. Najua kwetu ndicho kipimo, mtu anapasua yai anapiga kelele, "La kienyeji hili!" Huku rangi ya kiini inapangwa kwenye chakula cha kuku, na hata wakulima wa kilimo hai wanaruhusiwa kutumia pilipili hoho nyekundu kuikoleza. Soma mhuri, kiini kiache kiwe kiini.

Na la mwisho kwa Nabii: jani lile lile la nyota liko kwenye maduka ya bei nafuu, kwenye unga na dengu na karoti zenye jina la duka. Sheria ni ile ile, ukaguzi ni ule ule. Akitaka kanuni kali zaidi zipo, Bioland, Naturland, Demeter, na hao wa Demeter hata ng'ombe hawaruhusu akatwe pembe. Akalipie pembe hizo kwa posho yake mwenyewe.

*Shikamoo Shangazi. Mama mkwe anakuja kutoka Tanga. Amesema tusijisumbue kununua chochote, anakuja na vitu vya asili vya kututosha: embe, machungwa ya Muheza, samli, nyama ya kukausha, dagaa, nazi, na asali ya nyuki wadogo. Nimeambiwa uwanja wa ndege wa huku hauna masihara. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? — Mkwe Mwenye Adabu, Frankfurt*

Marahaba, na hongera kwa mkwe mwenye mkono wazi. Kwanza, wewe humwambii kitu. Anayemwambia ni mwanawe, kwa simu, baada ya salamu zote na habari za majirani kuisha.

Amwambie hivi. Nyama na samli haziingii. Abiria anayetoka nje ya Ulaya haruhusiwi kubeba nyama wala kitu cha maziwa, iwe kilo, iwe kijiko. Embe na machungwa, tangu Desemba 2019, vinahitaji cheti cha afya ya mimea. Matunda matano tu ndiyo yamesamehewa: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Kwa hiyo nazi zije, na ndizi zije kama anaweza kuzibeba bila kuzigeuza uji. Asali inaruhusiwa hadi kilo mbili kwa mtu. Samaki wamepewa nafasi kubwa ya ajabu, kilo 20 kwa abiria, kwa hiyo dagaa wakaushwe sawasawa, wafungwe mifuko mitatu, na nguo ziwekwe begi lingine. Sheria hizi hubadilika, mwanawe azisome upya kwenye ukurasa wa forodha wiki ile ya safari.

Samli msilie. Dukani kuna Butterschmalz, siagi iliyochujwa, inakaa karibu na siagi ya kawaida. Mama mkwe ataionja, atasema haina harufu ya samli, na atakuwa amesema kweli. Tia iliki na hiliki ya maneno matamu, mmalize siku.

*Sasa Shangazi. Mimi Mkenya, nipo Bremen. Sukuma wiki imenikosa mpaka naiota. Kwenye duka la Waafrika majani hufika siku moja kwa wiki na huwa yamechoka kuliko mimi. — Sukuma Mwezi*

Wewe nawe, ukae Bremen ulilie sukuma? Umekaa juu yake! Huko kaskazini kuna Grünkohl, ndugu wa damu wa sukuma, tofauti ni kwamba nywele zake zimesokotwa. Ikifika Novemba wenyeji wako huibeba magunia. Wana desturi ya kutembea kwenye baridi wakivuta kigari kidogo cha vinywaji, halafu wanaingia mkahawani kuila na soseji iitwayo Pinkel. Wao huichemsha mpaka inasahau kuwa ilikuwa mboga. Wewe toa ule uti wa katikati, katakata nyembamba kama nywele, kaanga kitunguu na nyanya, dakika kumi zinatosha. Ni ngumu kidogo kuliko ya Kiambu, ila ugali utaitambua.

Ugali wenyewe: unga wa mahindi wa duka la kawaida ni wa njano na mara nyingi umesagwa chenga. Mweupe ulizia kwenye duka la Waafrika. Na kama umezoea dona, andika umeikosa. Ila hapo hapo kwenye mkate utakuta dunia imegeuka. Watu waliokimbia dona nyumbani kwa kuona aibu, huku wanapanga foleni kununua mkate mweusi wa nafaka nzima kwa bei ya juu na kuupiga picha.

Kiangazi panda mchicha. Nenda duka la kilimo hai ukanunue nafaka ya Amaranth, zile mbegu ndogo wanazochanganya kwenye uji wa asubuhi. Ni mchicha uleule kwa ukoo. Hakikisha hazijapasuliwa kama bisi. Katikati ya Mei, baridi ya mwisho ikishapita, nyunyiza kwenye boksi la udongo hapo barazani. Majani yakifika urefu wa kiganja, chuma. Jirani atauliza ni maua gani. Mwambie yanaliwa, umpe na sahani.

*Shangazi, nje ya kijiji chetu kuna mashine shambani, naweka sarafu yanatoka maziwa mabichi. Mtoto anakunywa hapo hapo, anafurahi. Si ndiyo ya asili kabisa? — Mama wa Allgäu*

Umeona kibao kilichobandikwa juu ya mashine? Kinasema yachemshwe kabla ya kunywa, na hakikuwekwa kwa urembo, sheria inakitaka. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na bakteria wanaoharibu figo za watoto wadogo. Bibi yako Kondoa alikuwa anachemsha, na hakuwa amesoma kibao chochote. Chemsha, engua malai umpe mtoto apake kwenye mkate. Yanayobaki yakiwa vuguvugu, tia kijiko cha Dickmilch ya dukani, funika, lala. Asubuhi una maziwa mgando.

*Shangazi, umeolewa? — Mwenye Nia, Leipzig*

Nyuma ya jina lako kuna doa la mayonezi. Hapana.

Wengine mlioandika nitawajibu toleo lijalo. Ila wale mnaosoma hapa leo Jumamosi jioni mkiwa hamna chumvi, wekeni gazeti chini mkimbie dukani: kesho Jumapili karibu maduka yote ya Ujerumani yamefungwa.