Taa ya Nixie Ikigoma, Ihoji Kwanza Saketi Yako

Umenunua taa sita za IN-12 zilizotengenezwa Usovieti, umekesha ukilehemu saa yako, umeiwasha. Taa moja iko gizani, ya pili inawaka nusu namba, ya tatu inaonyesha 8 ulipotarajia 0. Tayari umeshika simu umtolee muuzaji maneno makali. Iweke simu chini, ewe fundi wa haraka! Mara nyingi taa haina hatia, na mkosaji yuko upande huu wa meza.

Mjue kwanza unayemtuhumu. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ndiyo iliyoingiza taa za Nixie sokoni mwaka 1955. Ndani ya kioo mna gesi ya neoni yenye shinikizo dogo, wavu mwembamba ambao ndio anodi, na kathodi kumi zenye maumbo ya namba 0 hadi 9, zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Hamna uzi wa kuungua kama wa balbu. Kathodi inayounganishwa na hasi ndiyo inayovishwa mwanga wa rangi ya chungwa. Ili iwake, taa inataka volti kama 170. Ikishawaka inabakiwa na kama 140, na zinazozidi lazima zimezwe na rezista ya anodi.

Volti hizo hazina mzaha. Ukizima umeme, kapasita ya upande wa volti kubwa bado ina chaji, kwa hiyo imalize kwa rezista ya kilo-omu 100, kisha pima kwa multimita kabla hujagusa kitu. Unapopima saketi ikiwa inafanya kazi, mkono mmoja ukae mfukoni. Usijaribu kwa kidole, hata kama fundi wa mtaani kwenu hufanya hivyo.

Taa zote zikiwa gizani, waache marehemu wa Kisovieti wapumzike na upime umeme wako. Pima kwanza bila taa, halafu pima taa zikiwa zimeunganishwa. Volti 180 zinazoporomoka hadi 130 mara taa zinapotaka kula zinakuambia kwamba kikuza volti chako ni dhaifu. Taa sita zenye miliampia 2.5 kila moja, kwa volti 180, zinatumia wati 2.7. Ukiongeza upotevu wa njiani, adapta ya volti 12 itatakiwa kutoa karibu ampia 0.3 kwa ajili ya taa peke yake. Ile adapta uliyoiokota kwenye droo huenda haiwezi.

Ikiwa taa moja tu ndiyo inayosumbua, zima, ihamishie kwenye soketi ya jirani yake, uwashe tena. Ugonjwa ukihama nayo, ni wa taa. Ukibaki pale pale, ni wa saketi, na utafute solda iliyopasuka au rezista isiyofaa. Kila taa inataka rezista yake. Kwa volti 180 toa 140, gawanya kwa miliampia 2.5, unapata kilo-omu 16. Ya 15 inafaa. Ole wake anayeunganisha bila rezista kabisa.

Sasa tuje kwenye namba za uongo, maana hapa ndipo watu wanapozitupa taa nzima. Namba inayowaka vizuri lakini siyo uliyoiomba haijaharibika. Waya ndio umekosewa. Huenda umehesabu miguu ya taa kwa kuitazama juu wakati mchoro umeitazama chini. Na ukitumia chipu ya K155ID1, inayopokea namba kwa nyaya nne na kuchagua kathodi ya kuwasha, kumbuka kwamba ni ya jamii ya TTL, ambayo mlango wake ukiachwa wazi husomeka kama 1. Kwa hiyo 0 ikigeuka 8 na 1 ikigeuka 9, ule waya wa nne unaobeba thamani ya 8 haukufika kwenye chipu. Kinyume chake, 8 ikitokea kama 0 na 9 kama 1, waya huo huo umegusana na hasi. Tafuta tone la solda lililovuka mpaka.

Na ile 5 ya IN-12 ni 2 iliyopinduliwa. Ndivyo walivyoitengeneza. Usimdai mtu fedha.

Ukikosa K155ID1, transista za 13001 zilizomo kwenye chaja nyingi za bei nafuu, na 13003 za zile balbu za kuokoa umeme zilizokufa, zinahimili volti 400. Moja kwa kila namba inatosha.

Nusu namba nayo ina siri yake. Ikiwa namba zote za taa zinawaka vipande, mkondo ni mdogo. Rudi kwenye rezista na volti. Ikiwa ni namba moja au mbili tu, kathodi hizo zimetiwa sumu: zimekaa muda mrefu bila kuwaka, na chembe za metali zinazochomoka kwenye namba jirani zikazifunika. Taa ya makumi ya saa ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu mwaka mzima inaombwa 0, 1 na 2 tu. Tiba ni kuiwasha namba iliyofunikwa kwa mkondo mkubwa kidogo kuliko kawaida, kwa saa kadhaa, ukiwa karibu. Utaona mwanga ukitambaa taratibu hadi ukaifunika namba yote. Kisha rudisha mkondo wa kawaida, na uandike programu ya kuzungusha namba zote kwa dakika chache kila usiku.

Taa zilizobaki hazitaongezeka. Viwanda vya Kisovieti vilishaacha kuzitengeneza, na anayetengeneza mpya kwa mkono huko Jamhuri ya Cheki, Dalibor Farný, huziuza kwa bei kubwa. Basi hata taa ambayo 7 yake imekataa kabisa kupona usiitupe. Ihamishie kwenye nafasi ya makumi ya saa, ambako 7 haitaitwa kamwe.