Fundi wa Bure

Jirani, usithubutu kujulikana mtaani kwamba unajua kompyuta. Mimi nilimchapia binti wa watu barua ya kuomba kazi tu. Kufumba na kufumbua, jina langu liko kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na limeshapewa cheo: mbunifu. Majirani wanaandaa bonanza, watu wafahamiane, maana siku hizi mnapakana ukuta mpaka mwenzio anahama hujajua anaitwa nani. Wanataka tangazo. Hela? "Kazi ya kujitolea hiyo, mwanangu. Mungu atakulipa." Amina. Ila bando nanunua mwenyewe.

Kikao uani kwa mwenyekiti. Laptop yangu betri ilishakufa, bila waya haiwaki. Waya ukapitishwa dirishani kwenye saluni. Kila nikishika mausi, mwenye saluni anachungulia: "Kaka, unajua luku imebaki yuniti ngapi?" Nikapunguza mwanga wa kioo mpaka wajumbe wakawa wanauliza kama imezima.

Sasa rangi. Nikaweka kijani na njano, zinaonekana mbali. Mjumbe akakunja uso: hili bonanza au mkutano wa CCM? Mwingine akadakia, hizo si ni za Yanga, hapo mimi siji. Haya, nyekundu na nyeupe. Wa Yanga wakanuna. Simba imeanzishwa 1936, wamezozana nayo miaka yote hiyo, leo kesi naletewa mimi! Bluu wakasema Chadema. Zambarau, ACT. Nikabaki na kahawia. Hakuna anayeigombania kahawia, na tangazo lilipotoka nikajua kwa nini: lilikuwa kama chai iliyolala.

Halafu picha. Mwenyekiti anataka yake. Katibu naye. Mweka hazina kaleta ya suti. Mlezi wa kamati ya bonanza, ambaye kikaoni hakanyagi, katuma iliyokatwa kwenye picha ya harusi, bega la bibi harusi bado limo. Nembo nilichora mikono miwili imeshikana. Wakaongeza mpira. Jembe. Kitabu. Njiwa, ila njiwa pa kutua hana. Tarehe na mahali nikavisukumia chini, herufi za kutafutia miwani.

Nikajitia usomi. Nikawaambia Marekani kulikuwa na mzee, Milton Glaser. Mwaka 1976 yuko kwenye teksi New York, akachora nembo nyuma ya bahasha kwa krayoni nyekundu: herufi, moyo, herufi mbili. Basi! Bure vilevile, hakulipwa. Na leo bahasha yenyewe inatunzwa makumbusho. Wakanisikiliza kwa adabu kabisa. Katibu akanyoosha mkono: "Na picha ya mwenyekiti wao aliiweka wapi?"

Aliyenimaliza ni mama wa vitumbua. Alikuwa kimya muda wote, anafunga noti zake kwenye pembe ya kanga. Akaitandaza mapajani. "Baba, hili hapa pindo, linazunguka. Huu mji, katikati. Na hili jina. Umeona jina lilivyo? Mstari mmoja. Wewe umetuandikia risala." Yaani nimekesha YouTube natazama mafunzo ya Wahindi, nafundishwa kupanga ukurasa na mtu ambaye laptop kaiona kwangu. Nikapanga alivyosema. Likapendeza, nakwambia! Kamati ikafurahi sana, ikasema mji huo sasa una nafasi nzuri ya kuweka picha za viongozi.

Katibu akalituma Kariakoo kwa WhatsApp wakachape bango la mita tatu. Mimi naona picha ni picha, ikitumwa imetumwa. Kumbe WhatsApp inazikamua. Zikivutwa kuwa bango, nyuso zinageuka vigae. Likatundikwa mlango wa ofisi ya mtaa: viongozi wanne hawatambuliki, kahawia pembeni, njiwa juu. Watu wakaanza kuulizana nani kafariki. Mama mmoja wa mtaa wa pili akaleta buku mbili za rambirambi. Mweka hazina akazipokea.

Siku yenyewe, aisee, watu walifurika. Si kwa bango. Bajaji ilizunguka na spika tangu asubuhi ikitangaza kuna kukimbiza kuku. Wazee wakavuta kamba, watoto wakaruka na magunia, na mimi nikamfahamu jamaa tunayepakana ukuta, yule wa muziki wa saa nane usiku. Mtu mpole kweli. Kaniambia nikikosa usingizi nigonge tu, atanipokea.

Mshereheshaji akashukuru kila mtu kwa jina. Mwenye spika, mwenye kamba, mwenye kuku. Mwisho akasema, "na yule kijana wa stesheneri." Stesheneri sina. Nikapiga makofi na wenzangu.

Jana katibu kanipigia. Bonanza lijalo wanataka fulana. Kila mtu atachangia, kasoro mimi nitachangia kipaji. Na wamekubaliana kwa kauli moja, kahawia hawaitaki.