Tairi la Mbio, Barabara ya Foleni

Kaka mwenye pikipiki ya mbio, hongera kwa tairi jipya la nyuma. Tumeliona: 190/55 ZR17, mpira laini wa mashindano, na ile W ndani ya mabano inayothibitisha kwamba linahimili mwendo wa zaidi ya kilomita 270 kwa saa. Umefanya la maana. Kutoka Mbezi Beach hadi Posta saa moja asubuhi, bajaji kushoto, daladala kulia, huwezi kujua ni lini mwendo huo utahitajika. Sheria inasema 50 mjini. Foleni inasema tano.

Kwenye mashindano, mafundi huyafunika matairi ya aina hiyo kwa mablanketi ya umeme hadi yafike nyuzi joto 80 hivi, ndipo yashike lami. Wewe unalipasha la kwako kwa kusubiri taa za Mwenge. Masika yakianza, vile vifereji vichache vya kutolea maji vitakuwa watazamaji tu.

Mwisho wa yote, katikati patalika pawe bapa, na pembeni patabaki papya, maana pikipiki unailaza siku ya kupigwa picha.

Yapo matairi ya safari, magumu katikati na laini pembeni, yanayodumu na kuivumilia mvua. Ukienda kununua, soma tarakimu nne za ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi hilo ni kuukuu, hata muuzaji alipake mafuta ling'ae.