Marehemu Anajibu Barua

Lydia Pinkham wa Massachusetts alifariki mwaka 1883, lakini matangazo ya dawa yake ya maradhi ya kike yaliendelea kuwahimiza wanawake wa Marekani wamwandikie Bi. Pinkham awape ushauri. Mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal likachapisha picha ya kaburi lake. Mwaka uliofuata serikali nayo ikaamka: sheria ikadai kileo kitajwe kwenye lebo, na chupa ikakiri asilimia 18, eti ya kuhifadhia mizizi tu. Utasema wanawake walipata nafuu. Bila shaka! Kwa kiasi hicho cha kileo nani asingechangamka? Na marehemu, jamani, alikuwa mpinga pombe.

Utasema basi sheria ilitosha. Haikutosha. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kilichokatazwa ni kudanganya kuhusu kilichomo chupani, si kuhusu kinachotibiwa nacho. Bunge likaziba ufa mwaka 1912, ila likaitaka serikali ithibitishe kwamba muuzaji alikusudia kulaghai. Muuzaji akapata kinga iliyofanya kazi kuliko dawa yake: kuapa kwamba anaiamini. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1938.