Utukufu wa Skrachi

Skrachi, ambayo Waingereza huiandika *scratch*, ni jeraha la daraja la mwisho. Ukucha, mwiba au ncha ya msumari umepita juu ya ngozi. Damu ikitoka, hutoka kwa haya. Mchubuko unaizidi kwa upana, jipu linaizidi kwa maumivu, na mfupa uliovunjika unaizidi kwa idadi ya wageni wanaokuja kutoa pole. Hata hivyo, katika ukoo mzima wa majeraha, hakuna lililopata vyeo vingi kama hili.

Asili ya neno lenyewe ni maneno mawili ya Kiingereza cha Zama za Kati, *scratten* na *cracchen*, yote yenye maana ya kukwaruza, ambayo yaligandamana yakawa moja. Toka hapo halikutulia. Kanuni za ngumi za mikono mitupu zilizotungwa London mwaka 1838 ziliipa jina hilo alama iliyowekwa katikati ya ulingo: bondia aliyeangushwa alikuwa na sekunde 30 za kupumzika, kisha 8 za kujikokota mwenyewe hadi alamani, la sivyo ameshindwa. Wakimbiaji waliuita hivyo pia mstari uliochorwa ardhini, aliposimama asiyepunguziwa umbali, na ndiyo maana kuanza skrachi ni kuanza bila kitu. Mcheza gofu wa skrachi, kwa hiyo, ni hodari. Keki ya skrachi ni ile isiyotoka kwenye pakiti, ingawa mfasiri aliyekutana nayo saa saba usiku ana udhuru wote akiandika keki ya mikwaruzo. Chakula cha kuku nacho ni skrachi. Fedha pia.

Bronx, New York, katika miaka ya 1970, kijana Theodore Livingston anatajwa kuwa wa kwanza kugeuza kukwaruza santuri kuwa muziki. Chuo cha MIT kilichukua jina kutoka kwa ma-DJ wa mtindo huo na kuipa programu ya kufundishia watoto uandishi wa programu za kompyuta, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007. Bahati nasibu ya kukwangua ilianza Massachusetts mwaka 1974, na mtindo ule ule ukafika Afrika Mashariki kwa sura ya vocha ya simu. Vizazi vizima vilijifunza kwa sarafu kuwa bidii ina mipaka, hasa bidii iliyokwangua mpaka tarakimu.

Fadhila kuu ya neno hili, hata hivyo, ni unyenyekevu. Halina ukubwa wake lenyewe. Hupokea ule linaopewa na mdomo unaolitamka. Katika *Romeo and Juliet* ya Shakespeare, Mercutio aliyechomwa upanga analiita jeraha lake skrachi, na hamalizi onyesho hilo akiwa hai. Katika filamu ya Monty Python ya mwaka 1975, shujaa mwenye deraya nyeusi anakatwa mkono mzima na kutumia neno hilo hilo. Wawili hao walikuwa wakiisemea miili yao, na kila mtu ana haki ya kushusha bei ya damu yake mwenyewe. Unyenyekevu wa neno hukamilika pale mwenye kusema anapokuwa si mwenye kuvuja. Hapo msimamizi wa kiwanda hulitamka bila hata kuinuka kitini. Kiswahili hakikubaki nyuma: waliotukanana hadharani gazeti linasema wamekwaruzana, na waliotolewa kwenye basi lililopinduka wana majeraha madogo madogo.

Wasioheshimu unyenyekevu huu ni matabibu peke yao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kichaa cha mbwa hauachi hata mkwaruzo usiotoa damu: paoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na chanjo ianze mara moja.

Kuna mahali pamoja ambapo skrachi huacha unyenyekevu ghafla, napo ni juu ya rangi ya gari. Ukucha ukipita kwenye ngozi ni skrachi. Ukipita kwenye mlango wa gari ni kesi. Bodaboda ikigusana na gari jijini, abiria analala kwenye lami, goti limechunika hadi nyama nyeupe inaonekana. Mwenye gari anashuka, anampita, anachuchumaa mbele ya bampa, analamba kidole na kupangusa kuona kama alama itafutika. Haifutiki. Anauliza nani atalipa, anauliza tena kwa sauti, anapiga picha tatu, na mpaka hapo goti halijaulizwa na mtu yeyote, wala maji ya kulisafishia hayajatafutwa, ingawa chupa imo garini.

Wakodishaji wa magari wameipa hali hii fomu. Ina mchoro wa gari, mbele, nyuma na mbavu zote mbili, ili kila mkwaruzo utiwe alama kabla ya ufunguo kutolewa. Dereva hachorwi.

Limebaki tumizi moja. Katika mbio za farasi, skrachi ni farasi aliyeondolewa kwenye orodha kabla ya mbio kuanza. Jina lake hupigwa mstari, sababu ikitangazwa huweza kuwa jeraha dogo, na waliomwekea dau hurudishiwa fedha zao.